Kichochoro na Kioo: Malezi ya Watoto wa Malindi

Mtaa wa Malindi umekaa kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kando ya bandari. Zamani mtoto wa mtaa huu hakuwa na haja ya kutengenezewa uwanja. Nyumba za mawe zilisongamana, lakini milango yake ilifungukia vichochoroni, na penye kichochoro hapakukosa baraza. Watoto wakishatoka chuoni, wavulana walicheza gololi na pia, wasichana wakacheza nage na mdako, na wenye ujasiri wakaenda pwani kuchupa. Adhana ya magharibi ndiyo iliyowarudisha majumbani. Mzee aliyeketi barazani aliweza kumkanya mtoto asiyekuwa wake, wala mzazi hakuchukia, kwani mkono mmoja haulei mwana.

Siku hizi husemwa kwamba kioo ndicho kilichomwondoa mtoto mchezoni. Yako maneno ya kweli katika shutuma hiyo, lakini historia ya mji yaonyesha kwamba picha ziendazo zilikuwapo muda mrefu, na michezo isife. Jumba la sinema la Royal lilifunguliwa mwaka 1921. Baadaye likaitwa Majestic, likaungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata likasimamishwa jipya. Malindi nako palikuwa na jumba lililokuja kuitwa Cine Afrique. Sinema haikumfungia mtoto ndani. Ilimtaka atoke kwao, afuatane na wenziwe au wakubwa wake, akae kati ya umati, kisha arudi kichochoroni kuigiza mapigano aliyoyaona. Picha ilikuwa chakula cha mchezo.

Mwaka 1973 Zanzibar ilianza televisheni ya rangi, ikatangulia Afrika yote iliyo kusini ya Sahara. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Chombo hicho kilikuwa ghali, kwa hiyo wengi walikitazama kwa pamoja. Njia panda ya Mji Mkongwe iitwayo Jaws Corner imechukua jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, na husimuliwa kwamba asili yake ni watu waliokusanyika pale kutazama. Kioo kilikuwa bado ni mali ya baraza.

Badiliko kubwa lilikuja kioo kilipokuwa kidogo. Kanda za video ziliingiza picha sebuleni; simu ya mkononi ikaitia kiganjani. Hapo mtoto hakuhitaji tena mwenzake, wala mzee wa kumtazama. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na apate dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili. Ushauri huo ni mwema. Lakini dakika hizo 180 zataka mahali pa kutumiwa.

Na mahali penyewe pamebadilika. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na utalii ukakua. Nyumba kadha wa kadha zimegeuka hoteli na maduka, na pikipiki hupita katika njia zilizojengwa kwa miguu ya watu. Baraza ya hoteli haina mzee amjuaye mtoto ni wa nani. Kwa hiyo mzazi amwitaye mwanawe ndani na kumpa simu si lazima awe mvivu; pengine aogopa, na ana sababu.

Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936, ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, na ndani yake watoto wakawekewa pahala pa kuchezea. Hilo ni jambo jema, ila bustani moja haiwezi kushika nafasi ya vichochoro vyote. Kumnyang'anya mtoto simu bila ya kumrudishia njia ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Panapotakiwa michezo irudi Malindi, yafaa kwanza jirani arudi barazani, pikipiki izuiwe saa za alasiri, na nyumba zibaki na wenyewe. Mtoto akisikia wenziwe nje, hatahitaji kuhimizwa mara mbili.