Mimi, Toutou na gurudumu la mbele

Bandugu, kila mara tunapozungumza juu ya Kalemie wakati wa vita ya 1914, watu wanarukia ziwani moja kwa moja. Mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou (Mimi ni jina la mashua, si mimi mwandishi), zilikamata Kingani ya Wajerumani tarehe 26 Desemba 1915. Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Sawa. Lakini kwangu, kazi kubwa ilikuwa imekwisha fanywa mbele ya risasi ya kwanza, na ilifanywa barabarani.

Mashua zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni mpaka Fungurume, Fungurume hii hii ya migodi. Kutoka pale mpaka Sankisia ni zaidi ya kilomita 200 za pori, na milima ya Mitumba iko katikati. Kila mashua ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi na uzito wa tani 4 na kitu. Ziliwekwa juu ya matela, zikavutwa na mashini 2 za mvuke zikisaidiwa na ng'ombe.

Angalieni mashini ya mvuke ya zamani zile. Uzito mwingi uko nyuma, kwenye magurudumu makubwa. Mbele kuna ekseli ya chuma, imeshikwa katikati ili icheze juu na chini, na inageuzwa kwa minyororo. Kwa kawaida haina springi. Kwenye barabara ya mawe kule Uingereza inapita. Kwenye udongo wetu, kila shimo linafika mpaka kwenye mfupa wa dereva.

Basi mashini haikubadilishwa, barabara njo ilibadilishwa. Zaidi ya madaraja 150 ya miti yalijengwa, na mengine yalivunjika chini ya uzito ule. Wanaume kwa mamia walikata miti na kusawazisha udongo. Maji ya mvuke yalipokosekana, mama zetu wa vijijini waliyabeba kichwani. Jina la kamanda, Spicer-Simson, liko katika kila kitabu. Majina ya wale mama hamuyapati popote, na mimi hiyo inaniuma.

Kutoka Sankisia mambo yalienda mbio: reli fupi mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, halafu ile reli ya kilomita 273 ya kuja kwetu, iliyokamilika mwaka ule ule wa 1915.

Springi yenyewe haikuwa siri. Obadiah Elliott wa London alitengeneza lame za gari la farasi tangu 1804. Mwaka 1935 BMW wakauza pikipiki yenye amortisere za mafuta mbele, na pikipiki nyingi zinazotembea hapa mjini leo ni wajukuu wa ile.

Lakini sisi leo tunafanya kinyume cha 1915. Barabara haibadiliki, kwa hiyo mafundi wanabadilisha mashini. Goma wana chukudu ya mbao, na nyingine utaziona zimefungwa springi mbele. Huku kwetu fundi anachukua motere ya magurudumu matatu, anaongeza lame nyuma, anaweka springi ngumu mbele, anasudire chuma cha kusaidia shingo. Ubaya wake ni huu: springi ikiwa ngumu kupita kiasi, pigo la shimo haliishii pale, linapanda kwenye shingo na kutafuta sudire. Tena mzigo ukilala nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki.

Mimi nimesoma kilimo, si mekaniki. Gunia la mahindi halijali springi. Nyanya zinajali. Kreti ya chini ikifika sokoni imekuwa supu, mama anaiuza kwa bei ya kutupa, na hasara hiyo hakuna ripoti inayoiandika. Wenzetu wa politekniki, nani yuko tayari kupima springi tatu au nne tofauti kwenye motere moja yenye kreti 10, kutoka shambani mpaka soko la mjini? Nyanya nitahesabu mimi.