Kuflashi romu

'''Kuflashi romu''' ni kazi ya kufuta mfumo wa uendeshaji uliomo katika kumbukumbu flashi ya kompyuta ya mkononi au simu janja, na kuandika mwingine mahali pake. Nakala kamili ya mfumo huo, iliyofungwa katika faili, huitwa romu. Jina limetokana na kumbukumbu za zamani zilizoweza kusomwa tu. Halikifai tena chombo chenyewe, lakini limebaki.

== Historia ==
Katika kompyuta za mkononi za Palm na Pocket PC za mwanzo wa miaka ya 2000, data za mtumiaji zilikaa katika RAM. Betri ikiisha kabisa, kila kitu kilipotea isipokuwa mfumo. Vifaa vya aina hii vilitumika mwaka 2004 kukusanya data za afya za kaya kusini mwa Tanzania.

Compaq iPAQ ya mwaka 2000 ilikuwa na flashi inayoandikika upya, na wanaprogramu wakaweka Linux badala ya Windows. Baada ya simu ya kwanza ya Android, HTC Dream (2008), ilifuata romu ya CyanogenMod, iliyoanzishwa na Steve Kondik mwaka 2009. Ilikoma Desemba 2016 na kurithiwa na LineageOS.

== Utengenezaji ==
Mtengenezaji huanza na msimbo huria wa Android, au hufumua romu ya kiwandani. Huongeza kerneli na viendeshi vya chipu za kifaa husika, huondoa programu zisizotakiwa, kisha hufunga faili na kulitia saini. Romu ya modeli moja haifai kwa nyingine, hata kama kwa nje zinafanana kama mapacha. Simu nyingi huharibikia hapa.

== Upakiaji ==
Kwanza hufunguliwa butiloda, yaani programu ndogo inayowasha kifaa. Kwa kawaida kuifungua hufuta data zote, hivyo nakala itolewe mapema. Romu kisha hupitishwa kwa waya wa USB. Kazi ikikatika wakati wa kuandika mfumo, butiloda bado ni nzima na inawezekana kurudia. Ikikatika wakati wa kuandika butiloda yenyewe, simu huweza kufa kabisa. Fundi mwenye kompyuta ya mezani, awe Kariakoo au Kojani, huomba umeme usikatike kwa dakika hizo.

== Sheria ==
Mtaani, kuflashi huchanganywa na kubadilisha namba ya IMEI, ingawa ni mambo mawili. Hilo la pili limekatazwa Tanzania na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zenye IMEI bandia. Romu isiyo sahihi huweza kufuta IMEI halali bila mwenye simu kukusudia. Kwa hiyo mafundi waangalifu hunakili kwanza sehemu ya flashi inayoihifadhi.