Nyangumi wa Jeshi la Abu Ubayda

 

Mwanafunzi wa Tarime au Serengeti asomaye mlango wa vyakula hukutana na nyangumi na pomboo, viumbe wasiofika Mto Mara. Elimu ya viumbe humwambia kuwa hao si samaki: hupumua kwa mapafu, huzaa na kunyonyesha, na jamaa yao wa karibu zaidi aliye hai ni kiboko, amwonaye mtoni kwao. Hapo huzuka swali: kama si samaki, vipi aliwe bila kuchinjwa?

Jibu limo katika tarikh. Mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwatuma Maswahaba 300 pwani ya Bahari ya Sham, amiri wao Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.). Chakula kiliwaishia hata wakala majani ya miti. Bahari ikawatupia mnyama mkubwa aitwaye anbar, naye ni nyangumi. Abu Ubayda kwanza alimhesabu kuwa mzoga, kisha akaruhusu kwa dharura. Jabir bin Abdillah (r.a.) anasimulia, kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, kwamba ubavu wake ulisimamishwa na ngamia akapita chini yake.

Waliporejea Madina, Mtume (s.a.w.) aliwajulisha kuwa ile ni riziki kutoka kwa Allah, akataka nyama iliyobaki, naye akala. Hapo ndipo penye hoja. Dharura ya jangwani haikuwapo Madina; basi uhalali haukusimama juu ya njaa.

Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, wakajenga juu ya asili hiyo: kiishicho baharini tu ni halali, hata kikifa chenyewe. Mahanafi wamehalalisha samaki peke yake, na aliyejifia akaelea hawamli. Kiboko hakiingii humo, kwani huishi majini na nchi kavu.

Lakini uhalali hauondoi tahadhari. Mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa pwani ya Nungwi, Unguja. Wapo wenyeji waliowapasua kutoa maini, wapate mafuta ya kupaka vyombo vyao. Kufa kwa wingi namna hiyo kunahitaji wataalamu waulizwe kabla ya kula, kwani sheria imekataza madhara.

Basi imamu akiulizwa, asiihukumu nyama kwa jina la kitabu cha sayansi pekee, wala asiidharau sayansi inapoonya juu ya sumu.

Wallahu a'lam.