Kebo ya Mtandao Nyumbani: Ikaguliwe Kabla ya Kununua Ruta Mpya

Intaneti inapokatika au kupungua kasi, lawama huelekezwa kwa ruta au kwa mtoa huduma, ilhali mara nyingine kasoro imo katika kebo fupi iliyobanwa nyuma ya meza. Kwa mkazi wa Bashay, mkoani Manyara, ambaye ruta mpya humgharimu bei ya kifaa pamoja na nauli ya kwenda Mbulu mjini, ni busara kuanza na kebo.

Palipofikiwa na faiba, kebo ya nyuzi za kioo inayotoka nguzoni ni kazi ya mtoa huduma. Isikunjwe wala kufunguliwa. Kebo ya shaba inayounganisha ruta na kompyuta, yenye nyaya 8 zilizosokotwa katika jozi 4, mwenye nyumba anaweza kuikagua mwenyewe.

Jaribio la kwanza ni kuiondoa na kuweka nyingine iliyothibitika kuwa nzima. Tatizo likitoweka, chanzo kimejulikana. Likibaki, angalia kasi ya muunganisho katika mipangilio ya kompyuta. Vifaa vyenye uwezo wa megabiti 1,000 kwa sekunde vikiungana kwa 100 pekee, yaelekea waya mmoja umekatika au haugusi, kwa kuwa kasi ya 100 hutumia jozi 2, na ile ya 1,000 huhitaji zote 4. Hata hivyo, mwenye kifurushi cha megabiti 20 asitafute sababu ya intaneti kuwa nzito katika hitilafu hiyo.

Kebo zilizofungwa vichwa na mafundi zina kasoro moja inayofichika. Fundi akipanga rangi jozi kwa jozi, kipimo cha kawaida kitaonesha kuwa nyaya zote zinapitisha umeme, lakini mawasiliano yatayumba. Mpangilio unaotumika sana ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, na huwa uleule pande zote mbili.

Dukani, soma maandishi yaliyo kwenye ganda. Cat5e hubeba megabiti 1,000 hadi mita 100 na inatosha kwa nyumba. Cat6 ni nzuri, ila asiyeihitaji asishawishiwe kuilipia. La kuepukwa zaidi ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo huandikwa CCA, na wakati mwingine haiandikwi kabisa. Kwangua waya kwa wembe: ukionekana mweupe ndani, si shaba tupu. Hukatika upesi unapopindwa, na hupata joto zaidi unapopeleka umeme kwenye kamera.

Kebo inayopita nje kati ya nyumba mbili iwe na ganda la kuhimili jua na mvua. Ichomolewe pande zote mbili mapema, kabla radi haijakaribia. Radi ikishaanza, isiguswe.