Laki, krori na koma: hesabu za Wahindi ndani ya tarakilishi

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze kuhusu neno ambalo kila Mswahili analijua lakini wachache huuliza lilikotoka: laki.

Laki ni 100,000. Neno lenyewe ni la Kihindi, na mzizi wake ni laksha ya Kisanskriti, maana yake alama. Kwa Wahindi laki haiko peke yake. Laki 100 ni krori moja, yaani milioni 10, neno linalotokana na koti ya Kisanskriti (ncha, kama ile ya upinde). Krori 100 ni arab, arab 100 ni kharab, halafu zinafuata nil, padma na shankh. Padma ni ua la yungiyungi na shankh ni kombe la baharini. Shankh moja ni 1 ikifuatwa na sufuri 17.

Kwa nini watu wa kale walihitaji majina makubwa hivyo? Si kwa kuhesabu ng'ombe. Katika Yajurveda, maandiko ya dini yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, kuna orodha ya majina 13, kila moja likiwa mara 10 ya lililotangulia. Inaanza na eka, yaani 1, na kuishia parardha, 1 yenye sufuri 12. Njiani kuna samudra (bahari), madhya (katikati) na anta (mwisho). Kitabu cha Kibuddha kiitwacho Lalitavistara kinasimulia jinsi mwana wa mfalme Siddhartha alivyotahiniwa na mtaalamu wa hesabu aitwaye Arjuna. Akaanzia koti, akapanda kwa mamia, hatua 23, mpaka tallakshana: 1 yenye sufuri 53. Linganisha na Wagiriki wa zamani: jina lao kubwa kabisa la namba lilikuwa la 10,000, na Archimedes alipotaka kuhesabu chembe za mchanga za kujaza ulimwengu ilimbidi abuni utaratibu wake mwenyewe.

Ukizoea kuipa kila daraja ya kumi jina lake, huko mbali na kuandika tarakimu kwa nafasi zake. India ndiko mfumo huo ulikokomaa, na mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sufuri. Katika karne ya 9 al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu kuhusu hesabu hizo za Kihindi. Jina lake lilipotamkwa kwa Kilatini likatupa neno algorithimu. Kwa hiyo sisi watengenezaji wa programu tuna deni huko.

Sasa tuje kwenye tatizo. Majina husafiri, thamani hubaki nyuma. Arbuda ya Yajurveda ni milioni 10, lakini arab ya leo, iliyozaliwa nayo, ni bilioni moja. Wamalei walichukua laksha ikawa laksa, lakini kwao ni 10,000 tu. Waajemi walichukua krori wakaiita kurur, nao wakaihesabu 500,000. Katika mkataba wa Turkmenchay wa 1828, Uajemi iliyoshindwa vitani ilikubali kuwalipa Warusi kurur 10 za toman, yaani milioni 5. Mhindi angesoma krori 10 angeelewa milioni 100, mara 20 zaidi! Wala tusiwacheke. Serikali ya Uingereza yenyewe ilibadilisha maana ya bilioni mwaka 1974, kutoka 1 yenye sufuri 12 hadi 1 yenye sufuri 9.

Hata filamu hazikupona. Slumdog Millionaire ya 2008 ilipotafsiriwa kwa Kihindi iliitwa Slumdog Crorepati. Milioni ikawa krori, na shujaa akatajirika mara 10 bila jasho.

Kwenye tarakilishi tatizo hili limejificha ndani ya koma. Sisi tunaandika 10,000,000. Mhindi anaandika 1,00,00,000: tarakimu tatu za mwisho pamoja, halafu mbilimbili, kwa sababu baada ya elfu kila jina jipya ni mara 100 ya lililotangulia. Si makosa ya chapa. Mkusanyo wa CLDR wa Unicode unauandika mpangilio huo hivi: #,##,##0. Lakini DecimalFormat ya Java, ile inayokuja na Java yenyewe, hutazama kundi la mwisho tu na kulirudia, kwa hiyo haiwezi kuandika krori vizuri. Ukihitaji, tumia maktaba ya ICU. Na ukiandika kanuni ya kukagua fomu inayodai tarakimu tatu baada ya kila koma, umemkataa mteja wa Mumbai aliyeandika namba yake sawasawa.

Je, hili linatuhusu sisi? Sana. Rupia ilitumika hapa Kenya hadi 1920, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamezoeleka pwani tangu kale, kwa hiyo si ajabu laki ilibaki midomoni mwetu. Krori haikubaki. Watanzania wanaitumia laki kila siku. Mitaani Nairobi wengi wetu huruka kutoka elfu moja kwa moja hadi milioni. Hapo ndipo tunapopoteza kitu. Jaribu kuandika programu inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, kwa mfano kwenye risiti. "Elfu mia mbili" ni ngapi? Mmoja atasoma 200,000. Mwingine atasoma elfu moja na mia mbili, 1,200. "Elfu kumi na tano" je? 15,000 au 10,005? Kwenye mazungumzo utauliza. Risiti haiulizwi, na mwenye duka na mteja wakigombana, karatasi haitawaamua.

Laki inaliondoa fumbo la kwanza kabisa. "Laki mbili" haina maana ya pili. La pili dawa yake ni kuwa na utaratibu mmoja, kwa mfano kutanguliza idadi: "kumi na tano elfu". Walimu wa Kiswahili watanipinga, lakini pesa za watu ni muhimu kuliko masikio yetu.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi anayeanza kazi hii: ndani ya hifadhidata weka namba tupu, bila koma wala jina. Jina na koma ni nguo tu, mvalishe namba wakati anatoka nje, kulingana na nchi anayokwenda. Na ukiandika kwa Kiswahili, usione haya kusema laki. Ni neno letu sasa, tena linafanya kazi ambayo elfu peke yake imeshindwa.