Kazi ya mbali: mawazo yanayozaliwa mlangoni yanakwenda wapi?

Kazi ya mbali ni kazi ambayo mtu anaifanya nje ya ofisi, nyumbani mwake au katika mji mwingine, akiwasiliana na wenzake kwa simu na intaneti. Ilienea duniani mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19. Kwetu mashariki ya Kongo, vita imeongeza sababu nyingine. Tangu ilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, watu waliokaa ofisi moja wametawanyika, na wengi wanaendesha kazi kwa WhatsApp. Kazi inaendelea. Lakini tunapoteza nini?

Umbali na mazungumzo

Katika miaka ya 1970, Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, alichunguza mainjinia waliofanya kazi pamoja. Aliona kwamba kadiri meza zinavyoachana, watu wanazungumza kidogo zaidi, na baada ya mita 50 hivi mazungumzo karibu yanakwisha. Kama mita 50 zinatosha kututenga, si ajabu kwamba kilometa nyingi zinatutenga zaidi.

Watafiti wameona nini

Uchunguzi mmoja ulifuata wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani katika miezi sita ya kwanza ya 2020. Walipohamia nyumbani, walishikamana na watu wa kundi lao, lakini sehemu ya muda waliyoshirikiana na makundi mengine ilipungua kwa karibu robo. Mara nyingi wazo jipya linatoka kwa mtu wa idara nyingine, anayeona jambo kwa jicho lingine.

Mwaka 2022, Melanie Brucks na Jonathan Levav walitoa matokeo ya jaribio la watu 602 waliofanya kazi wawili wawili. Wale waliokaa chumba kimoja walitoa mawazo mengi kuliko wale walioonana kwa video. Katika kuchagua wazo bora, wa video hawakushindwa.

Kwa nini iwe hivyo?

Watafiti hao wanaeleza kwamba kioo kinafunga macho yetu. Tunamtazama mwenzetu tu, wala hatuangalii huku na huku, na mawazo nayo yanabanwa. Tena, mlangoni au kwenye chai, kuuliza swali dogo hakuna gharama. Kupiga simu kunadai sababu, na kwetu kunadai pia mega, umeme na mtandao. Kwa hiyo swali dogo linaachwa, na pamoja nalo wazo ambalo lingezaliwa. Anayeumia zaidi ni yule wa kijijini: sauti yake inafika wakati uamuzi umekwisha kukatwa.

Je, kazi ya mbali ni mbaya?

Hapana. Katika kampuni ya Trip.com nchini China, wafanyakazi 1,612 walifuatwa; baadhi yao walifanya kazi nyumbani siku mbili kwa juma. Matokeo yaliyotolewa 2024 yanaonyesha kwamba kazi yao haikuharibika, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Na kwa aliyekimbia vita, simu ndiyo inayomwezesha kubaki na kazi na wenzake.

Tufanye nini?

- Tukipata nafasi ya kukutana uso kwa uso, tuitumie kutafuta mawazo mapya. Ripoti na uamuzi vinaweza kupita kwa simu.
- Kabla ya ajenda, tuache dakika kumi za kusalimiana na kuulizana habari.
- Tuunganishe watu wawili wa idara tofauti, wapigiane simu kila juma bila ajenda.
- Asiye na mtandao aulizwe kwa jina, kwa simu ya kawaida au ujumbe mfupi, kabla ya uamuzi kukatwa.

Mazungumzo ya mlangoni hayakuhitaji mtu wa kuyapanga. Sasa tumetawanyika, na tusipoyapanga sisi wenyewe, hayatakuwapo.