Jiwe la Shinkolobwe na chembe za mwili

Nani katika Likasi hajasikia jina la Shinkolobwe? Ni mahali palipo kama kilomita 20 kutoka mjini, upande wa magharibi. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Rich Sharp, alivumbua huko mawe mazito yenye urani, na baadaye Union Minière ikayachimba. Siku zile urani yenyewe haikuwa na faida kubwa. Kilichotafutwa ni radiamu iliyofichika ndani yake, ambayo Marie Curie na mumewe Pierre waliigundua mwaka 1898. Tangu mwaka 1922 mawe ya Katanga yalisafishwa katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Gramu moja tu ya radiamu hupatikana katika tani tatu hivi za urani! Kabla ya hapo bei ya gramu hiyo ilifika dola 100,000. Mawe yetu yaliishusha hata 70,000. Wanunuzi walikuwa hasa madaktari wa kansa.

Lakini jiwe laponyaje mtu? Kulijua jambo hili yatupasa kwanza kuutazama mwili.

Mwaka 1665 Robert Hooke wa London alikata ganda jembamba la mti, akalitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akaona vijumba vingi kama vya sega la nyuki. Zaidi ya miaka 100 baadaye, daktari Mfaransa Bichat aliupasua mwili wa maiti, akatambua ndani yake namna 21 za nyama na ngozi. Akaziita kwa neno la Kifaransa ambalo maana yake ni kitambaa. Ndilo hili tusemalo tishu. Ajabu ni kwamba Bichat hakuipenda darubini, naye alikufa mwaka 1802 akiwa na miaka 30 tu. Wajerumani Schleiden na Schwann ndio walioonyesha, mwaka 1838 na 1839, kwamba miti na wanyama wote wameumbika kwa chembe, na hizo tishu ni chembe za namna moja zilizoungana kwa kazi moja. Kisha Virchow alifundisha kwamba kila chembe huzaliwa na chembe nyingine: moja hugawanyika, zikawa mbili.

Chembe zote hazigawanyiki sawasawa. Zile za ngozi, za matumbo, na za uboho ndani ya mifupa, zitengenezazo damu, hazipumziki. Zile za ubongo, zikisha kukomaa, karibu zote hazigawanyiki tena. Na kansa ni nini, ila chembe zisizotii mpaka wa tishu yao, zikizaana ovyo?

Hapo ndipo ilipo siri ya radiamu. Katika kiini cha chembe mna nyuzi zenye maagizo yote ya kazi yake. Miali ya radiamu huzikata. Chembe iliyotulia yaweza kuishi na jeraha hilo. Inayogawanyika hushindwa, ikafa. Mwaka 1906 Wafaransa Bergonié na Tribondeau waliliandika jambo hili wazi.

Basi miali haichagui kati ya chembe mbaya na njema. Radiamu hufanana na chokaa, kwa hiyo ikimezwa, mifupa huipokea kana kwamba ni chakula chake, nayo huuchoma uboho ulio ndani. Marie Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934, uboho wake umechoka kutengeneza damu.

Urani ilipata kazi yake mwaka 1945: sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa na Wamarekani kuunda bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe. Nao madaktari, tangu mwaka 1951 huko Kanada, walianza kutumia kobalti iliyotiwa miali katika tanuri ya atomu, na radiamu ikaachwa polepole.

Na kobalti imo Shinkolobwe pia, imechanganyika na urani. Ndiyo iliyowarudisha wachimbaji wa mikono katika miaka ya 1990, ingawa mgodi ulikuwa umefungwa tangu 1960. Mwanzoni mwa mwaka 2004 Rais aliupiga marufuku. Mwezi wa saba udongo uliporomoka ukawaua wachimbaji waliokuwamo bado. Vumbi walilorudi nalo nyumbani, katika nguo na nywele, halikuwa kama vumbi la migodi mingine. Hatari yake ni kubwa hasa kwa mtoto aliye tumboni, ambaye chembe zake hugawanyika usiku na mchana.